Bei ya Ukuta Mkavu

Kazi ya kuzuia unyevu nyumbani huzua swali la haki ambalo kazi nyingine za ufundi huliepuka kwa urahisi, kwa kuwa anayelipia mlango hupewa mlango na anayelipia mabati huyahesabu juu ya paa lake, ilhali anayelipia ukuta mkavu hununua hali isiyoonekana siku ya kukabidhiwa kazi, na ambayo huthibitika tu baada ya msimu mzima wa mvua kupita. Unyevu, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni maji yaliyomo hewani kama mvuke usioonekana, pamoja na yale yaliyonyonywa na sakafu, mbao na kuta. Na kuudhibiti ni kuyapunguza maji hayo hadi kiwango ambacho kuvu, yaani ule ukungu mweusi au wa kijani unaoota nyuma ya kabati, haiwezi kustawi. Fundi wa kazi hiyo mjini Goma, mashariki mwa Kongo, mara nyingi ni yule yule anayetengeneza friji na viyoyozi, ambaye huitwa firigoristi kwa jina lililotoka kwenye Kifaransa, au ni mjenzi wa kawaida aliyejifunza kwa macho yake jinsi maji yanavyopanda ukutani. Swali linalomhusu ni hili: anapoulizwa bei ana haki ya kutaja kiasi gani, na kiasi hicho kipimwe kwa jasho lake, kwa vifaa vyake, au kwa faida atakayoipata mwenye nyumba?

Murara, mtaa ulio katika komuni ya Karisimbi, ni mahali panapolifanya swali hili lisiwe la vitabuni tu. Mji wa Goma uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, kando ya Ziwa Kivu, ukiwa na mvua katika sehemu kubwa ya mwaka na usiku wenye baridi. Tarehe 17 Januari 2002 mlima wa volkano wa Nyiragongo ulipasuka ubavuni, lava ikapita katikati ya mji hadi ziwani, ikafunika zaidi ya sehemu moja kwa kumi ya mji, ikafukia sehemu ya njia ya ndege na kuliangamiza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Na watu wa Murara na mitaa jirani waliporudi walijenga upya juu ya lava ile ile, wengi kwa mbao na mabati, kwa sababu nyumba ya mbao husimama upesi na, mlima ukikohoa tena kama ulivyofanya tarehe 22 Mei 2021, hasara yake ni ndogo kuliko ya nyumba ya matofali. Nyumba hizo zimebanana, vyumba ni vidogo, na madirisha hufungwa mapema kwa hofu ya baridi na ya wezi.

Katika nyumba ya namna hiyo, bati la paa hufanya kazi ambayo hakuna aliyeliagiza kuifanya. Usiku wenye anga jeupe bati hutoa joto lake kuelekea angani na kuwa baridi kuliko hewa iliyo chini yake, na kwa kuwa hewa ya nyuzi 20 yaweza kubeba gramu 17 hivi za mvuke kwa kila mita moja ya ujazo, lakini ikipozwa hadi nyuzi 14 hubeba 12 tu, mvuke unaozidi hugeuka matone upande wa ndani wa bati na kumdondokea aliyelala. Wenyewe husema bati linatoka jasho, na usemi huo ni sahihi kuliko wanavyodhani, maana jasho hilo ni lao: mtu aliyelala hutoa, kwa pumzi na kwa ngozi, karibu gramu 40 za maji kila saa, hivyo watu sita wakilala saa nane katika vyumba viwili vilivyofungwa huiachia hewa ya nyumba yao takriban lita mbili za maji kabla ya sufuria ya kwanza kuwekwa kwenye mbabula, yaani jiko la makaa. Ni jambo la kutafakarisha kwamba mtaa unaonunua maji kwa bidoni ya lita 20, kwa sababu lava hunyonya mvua na haiachi kijito juu ya ardhi, ndio huo huo unaotafuta fundi wa kuyatoa maji ukutani.

Hata hivyo jasho la bati ni chanzo kimoja tu. Maji mengine hupanda kutoka ardhini kupitia vinyweleo vya saruji na udongo, kwa jinsi ile ile mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Mengine huingia moja kwa moja kwenye tundu la msumari au pale bati la jirani linapomwagia ukuta usio wake. Madoa ya vyanzo hivi vitatu hufanana machoni pa mwenye nyumba, lakini dawa zake zimeachana kabisa, na bei zake zimeachana zaidi. Jasho la bati huondolewa kwa kupitisha hewa, yaani kwa matundu yenye wavu chini ya paa pande mbili zinazoelekeana, na kwa kutandika dari ili hewa ya joto isiguse bati baridi. Maji yanayopanda huzuiwa kwa kukata utambi wenyewe: ama kwa tabaka la plastiki nzito chini ya sakafu, ama, na hili ndilo lenye kuvutia zaidi, kwa kokoto kubwa za lava, ambazo nafasi kati yake ni pana mno kwa maji kupanda, na ambazo ziko uani mwa karibu kila nyumba ya Murara bila kununuliwa. Tundu la msumari huzibwa kwa lami ya thamani ndogo. Juu ya hayo yote ipo mashine ya kukausha hewa, ambayo ndani yake ni friji iliyogeuzwa kazi: hupoza hewa hadi maji yadondoke kwenye ndoo, kisha huirudisha chumbani ikiwa kavu na ya joto kidogo.

Mashine hiyo ndiyo yenye faida kubwa kwa anayeiuza, na ndiyo inayofaa kidogo zaidi katika mtaa huu. Mashine ya wati 300 ikifanya kazi saa kumi kwa siku hula uniti 90 za umeme kwa mwezi, na ingawa umeme wa maji wa kituo cha Matebe, ulioanza kuzalishwa mwaka 2015, umeifikia sehemu ya mji kwa mita za kulipia kabla, familia inayonunua umeme kidogo kidogo haiwezi kuulisha mdomo huo. Tena nyumba ya mbao ina nyufa, na hewa ya nje huingia kwa kila ufa. Kuweka mashine humo ni kujaribu kukausha anga lote la Goma kwa ndoo moja. Fundi analijua hilo, mnunuzi halijui, na hapo ndipo falsafa inapoanzia.

Maandiko ya kale yalikwisha kukutana na tatizo hili. Sura ya 14 ya Mambo ya Walawi inaeleza nyumba iliyopatwa na pigo, lenye mabaka ya kijani au mekundu yaliyozama ndani ya ukuta, na wasomaji wengi wa leo wameona katika maelezo hayo sura ya kuvu. Mwenye nyumba humwendea kuhani, kuhani hukagua, huifunga nyumba siku saba, hurudi kutazama kama baka limeenea. Likiwa limeenea, mawe yaliyoathirika hung'olewa, ukuta hukwanguliwa na kupigwa lipu upya, na pigo likirudi baada ya hayo nyumba hubomolewa. Utaratibu huo, ukiachwa upande wake wa ibada, una mambo mawili ambayo fundi wa Murara angefaidika kuyatazama. La kwanza ni kwamba hukumu haitolewi siku ya kwanza, bali muda ndio unaopewa nafasi ya kushuhudia. La pili ni kwamba anayetamka ugonjwa si anayeuza mawe mapya: maandiko hayamtajii kuhani sehemu yoyote katika gharama ya ukarabati, kwa hiyo hana sababu ya kutamani baka lienee. Liko pia jambo dogo ambalo ni rahisi kulipita, nalo ni kwamba kuhani huagiza vyombo vitolewe nje kabla hajaingia, ili visije vikahesabiwa najisi pamoja na nyumba. Na marabi wa Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, walipojiuliza ni mali gani ya thamani iliyokuwa ikiokolewa namna hiyo, walijibu kwamba ni vyombo vya udongo, vile vya mtu wa kawaida, ambavyo haviwezi kutakaswa vikisha kunajisika. Mkaguzi mwenye haki, kwa mafundisho hayo, huanza kwa kupunguza hasara ya mwenye nyumba kabla ya kuitaja.

Katika mapokeo ya Kiislamu unyevu wenyewe ndio uliotumika kufundishia uaminifu wa soko. Hadithi iliyo katika mkusanyo wa Imamu Muslim inasimulia kwamba Mtume Muhammad alipita sokoni karibu na lundo la chakula, akaingiza mkono ndani yake, na vidole vikatoka na umajimaji; muuzaji akajitetea kwamba ni mvua iliyolinyeshea, naye akaulizwa kwa nini basi asikiweke kilicholowa juu ili watu wakione. Mkazo wa kisa hicho uko mahali ambapo mhubiri wa haraka angeweza kuupita: muuzaji hakulaumiwa kwa mvua, wala kwa bei yake, ambayo haikutajwa, alilaumiwa kwa mpangilio wa lundo, yaani kwa kuiweka elimu ya kasoro mahali ambapo mkono wake peke yake ulifika. Cicero, mwanafalsafa wa Kirumi aliyeandika mwaka 44 kabla ya Kristo kitabu cha wajibu kwa ajili ya mwanawe, aliulizia jambo hilo hilo kwa mfano wa nyumba inayouzwa na mtu ambaye peke yake anajua kwamba haina afya, kwamba mbao zake ni mbovu na kwamba nyoka huonekana vyumbani. Aliwakutanisha wanafalsafa wawili wa Kistoa, Diogenes wa Babeli aliyeona kwamba hakuna aliyemlazimisha mnunuzi kununua, na Antipater aliyeona kwamba kunyamaza huko ni sawa na kumwacha mtu apotee njia ilhali unaijua. Naye mwenyewe akasimama upande wa Antipater.

Visa hivi vyote, hata hivyo, vinamhusu anayeficha ubovu, na fundi wa unyevu ana kishawishi cha kinyume: yeye hufaidika kwa kuukuza. Muuzaji wa lundo alitaka unyevu usionekane, ilhali fundi anataka uonekane mkubwa kuliko ulivyo, tena katika nyumba yenye mtoto anayekohoa usiku. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu unyevu na kuvu majumbani, iliyotolewa mwaka 2009, inathibitisha kwamba wakaao katika nyumba zenye unyevu hupata zaidi dalili za maradhi ya njia ya hewa na pumu. Habari hiyo ni ya kweli, na kwa kuwa ni ya kweli inafaa sana kutishia watu. Mwenye nyumba anayeogopa hapimi tena bei kwa kulinganisha na dari au lami, anapima kwa kulinganisha na pumzi ya mwanawe, na kwa kipimo hicho hakuna bei iliyo kubwa.

Thomas Aquinas, mwanateolojia wa karne ya 13, alilijibu jambo hili kwa ukali usiotarajiwa katika swali la 77 la sehemu ya pili ya pili ya Summa Theologiae, panapojadiliwa udanganyifu katika kununua na kuuza. Hoja yake, kwa kuieleza kwa maneno mengine, ni kwamba ikiwa muuzaji anapata hasara maalumu kwa kuachana na kitu chake, anaweza kuihesabu hasara hiyo katika bei, kwa kuwa ni yake. Lakini ikiwa mnunuzi ndiye anayepata manufaa makubwa kupita kawaida, na muuzaji hapotezi chochote cha ziada, bei haipaswi kupandishwa kwa sababu ya manufaa hayo, maana yanatokana na hali ya mnunuzi, na hakuna awezaye kuuza kisicho chake. Hofu ya mama wa Murara ni mali ya mama huyo. Fundi hakuileta kwenye mkoba wake pamoja na nyundo, wala hataondoka ikiwa imepungua kitu mkobani. Akiitoza, ameuza mali ya mteja kwa mteja mwenyewe. Wafanyabiashara wa siku hizi wanaofundishana kupanga bei kwa kadiri ya thamani atakayoiona mteja, badala ya kwa kadiri ya gharama, wangemwona Aquinas kuwa mtu asiyejua biashara, na kwa uuzaji wa manukato au viti vya tamashani huenda wana haki kiasi. Kwa uuzaji wa hewa ya kupumua hawana.

Pingamizi la fundi linastahili kusikilizwa kwa utulivu, kwa sababu si dogo. Atasema kwamba bei ni makubaliano, kwamba Kurani yenyewe katika sura ya nne imeiruhusu biashara inayotokana na kuridhiana, na kwamba Mtume alipoombwa kupanga bei mjini Madina wakati wa ughali alikataa. Hayo yote ni kweli. Lakini wanazuoni wa fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, walijua kwamba kuridhia kuna daraja, na wakampa jina mnunuzi wa namna ya pekee: mustarsil, yaani yule asiyezijua bei wala hawezi kubishana, anayejiachia kwenye uaminifu wa muuzaji na kumwambia amtendee kama anavyowatendea wengine. Wanazuoni wa Kimaliki na wa Kihanbali walimpa mtu huyo haki ya kuvunja mauzo akikuta amepunjwa kupita kiasi, ilhali madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, hayampi haki hiyo kwa ukubwa wa bei peke yake pasipo udanganyifu. Tofauti hiyo ni ya mahakamani. Juu ya dhambi ya kumpunja aliyekuamini hapakuwa na mzozo mkubwa. Na katika suala la unyevu karibu kila mwenye nyumba ni mustarsil, hata awe mwalimu au mwanasheria, kwa kuwa hawezi kuona ndani ya ukuta.

Upande wa gharama pia una haki yake, na mwandishi wa maadili asiyewahi kununua mfuko wa saruji huelekea kuusahau. Saruji hufika Murara kwa lori, kisha mara nyingi humalizia safari kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali inayosukumwa na vijana wa Kivu, na kila mkono unaoigusa unadai sehemu yake. Tangu mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025 benki zilifungwa na uwanja wa ndege ukafungwa, fedha taslimu zikawa adimu, na fundi akalazimika kupokea malipo kwa simu na kuyakatwa wakati wa kuyatoa. Dola zenyewe zina matabaka: noti ya dola moja hukataliwa na wengi, na noti kubwa yenye mpasuko wa upana wa ukucha hupokelewa kwa punguzo au haipokelewi kabisa, hivyo aliyelipwa kwa noti mbovu amelipwa pungufu bila mtu yeyote kumwibia. Zaidi ya hapo kuna gharama ya kurudi, kwa kuwa kazi ya unyevu huahidi matokeo ya baadaye, na fundi mwaminifu huweka ndani ya bei siku moja au mbili za kuja kutazama baada ya mvua. Gharama hizi zote ni zake kwa maana ile ya Aquinas, na kuziandika katika devi, karatasi ya makadirio ambayo huko Goma huitwa kwa neno hilo la Kifaransa, si ulafi hata jumla yake ikimshtua mteja.

Kinachobaki bila jina katika devi ni ujuzi. Mtu aliyetumia miaka kujifunza kutofautisha doa la jasho na doa la kupanda hulitambua kwa dakika tano, na mteja, akiona dakika tano tu, hataki kuzilipia. Desturi ya mtaa ni kwamba kutazama ni bure na kinacholipwa ni kushika chombo. Desturi hii inaonekana kuwa ya ukarimu, na kumbe ndiyo inayozaa dhuluma. Fundi asiyelipwa kwa kuona hulazimika kuyaficha malipo ya jicho lake ndani ya bei ya bidhaa, na akishafanya hivyo maslahi yake yamefungwa kwenye wingi wa bidhaa: kokoto za uani hazina faida kwake, tundu la hewa lina faida ndogo, dari ina faida, mashine ina faida kubwa. Si lazima awe mwongo. Inatosha awe na njaa, macho yake yataanza yenyewe kuona mashine mahali palipohitaji tundu. Hapo mnunuzi aliyekataa kulipa kidogo kwa ajili ya ukweli anajikuta analipa kingi kwa ajili ya kosa, na lawama haimwangukii fundi peke yake.

Hukumu inayofuata kutoka hapa ni kwamba haki ya bei katika kazi hii haiko kwanza katika ukubwa wa tarakimu, iko katika kutenganisha malipo ya kukagua na malipo ya kujenga, hata kama mtu mmoja ndiye anayefanya yote mawili. Ada ya ukaguzi ilipwe peke yake, iwe ndogo lakini iwe ya kweli, na mteja akishapewa majibu awe huru kumpa kazi mwingine au kuifanya kwa mikono yake. Fundi aliyelipwa kwa kusema kwamba tatizo litaisha kwa kokoto na wavu hana tena sababu ya kulisema kwa uchungu.

Ugumu mwingine ni wa mpangaji. Wakazi wengi wa Murara hawamiliki paa linalowadondokea, na sheria ya Kongo namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu upangishaji usio wa kibiashara, inayoweka kikomo cha miezi mitatu kwa garanti, yaani amana, ya nyumba ya kuishi, haiwezi kuamua kama maji yaliyoko ukutani ni ya mwenye nyumba aliyejenga bila kizuizi chini ya sakafu au ni ya wapangaji wanane wanaopumua chumbani. Mpangaji akilipia matundu na dari, amemboreshea mwingine mali, na nyumba ikishakauka kodi yaweza kupandishwa na yeye aliyeikausha akahama. Fundi hawezi kuumaliza mgogoro huo, lakini akijua anazungumza na mpangaji ana wajibu wa kumtajia kwanza dawa zinazoweza kung'olewa na kubebwa, au zisizogharimu kitu: kusogeza kabati mbali na ukuta wa baridi, kufunika sufuria, kuanika nguo nje ya chumba cha kulala. Ushauri wa namna hiyo hauna senti ndani yake isipokuwa ile ada ya ukaguzi, na hili ni sababu nyingine ya ada hiyo kuwepo.

Kuna pia kazi ambazo hazina bei ya haki kwa kuwa hazipaswi kufanywa. Mteja akiomba nyumba izibwe kila ufa ili baridi na unyevu visiingie, huku familia ikiota moto wa mbabula usiku, fundi anayekubali ameuza hatari, kwa maana makaa hayatoi mvuke mwingi lakini hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini. Goma ina gesi yake nyingine, mazuku, ambayo ni dioksidi ya kaboni inayotoka kwenye nyufa za lava na, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hulala mabondeni na sakafuni. Inajulikana zaidi upande wa magharibi wa mji, kuelekea Mugunga, lakini mtu yeyote anayejenga juu ya lava anapaswa kuikumbuka kabla ya kuziba tundu la chini. Katika mazingira hayo kukataa kazi ni sehemu ya ufundi.

Njia ya kumtoa mteja katika hali ya mustarsil ipo, na ni rahisi kiasi cha kumwaibisha anayeificha. Kipande cha plastiki angavu, chenye upana wa mikono miwili, hulazwa juu ya sakafu ya saruji na kubandikwa kwa utepe wa gundi pande zote nne, kisha huachwa usiku kucha, na ikiwezekana usiku wa pili. Matone yakionekana upande wa chini wa plastiki, maji yanatoka ardhini, na kiyoyozi au mashine yoyote haitayazuia. Matone yakiwa upande wa juu, maji yanatoka hewani, yaani kwa wakazi wenyewe na vyungu vyao, na kuvunja sakafu ni kupoteza saruji. Plastiki ikiwa kavu pande zote mbili na ukuta bado umelowa, itazamwe misumari ya paa. Mwenye nyumba huyaona hayo sawasawa na fundi, kwa mwanga ule ule wa asubuhi, na mkono wake unafika ndani ya lundo.

Devi iliyoandikwa kabla ya usiku huo haijawa bei bado, na mwenye nyumba wa Murara asiitolee avansi, yaani malipo ya awali.